Kipimo na Propela ya Kaka Yake

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, watu walimwita Kipimo, na hakuna aliyekosea. Huyu mtu hakuwa akipiga msumari kabla hajaupima msumari wenyewe. Ukimwomba akuwekee rafu jikoni, atakuja na futi yake, atapima ukuta, atapima masufuria, kisha atasimama anakutazama wewe mpaka uone haya, kumbe anakadiria mkono wako unafika wapi. Rafu yangu mpaka leo naifikia bila kunyanyua kisigino. Wakwe zangu wakiitumia wanachuchumia, na mimi nakaa nawatazama tu.

Mume wangu alikuwa wa namna nyingine. Yeye aliamini jicho. "Inaingia hiyo," alikuwa akisema, na kweli mara nyingi iliingia, na isipoingia alitafuta nyundo. Baba mmoja, mama mmoja, gereji moja uani kwetu, lakini ukiwaona kazini ungedhani mmoja ameajiriwa kumchelewesha mwenzake. Waligombana tangu wanapofungua geti. Mchana walikula sahani moja, na huko nako waligombana.

Gari lenyewe walilikusanya vipande vipande. Bodi alipewa mume wangu na mtu aliyechoka kufukuza kuku waliotagia ndani yake. Lilikuwa gari la pua ndefu, lenye midomo ya kung'aa, la enzi za usichana wangu. Injini na giaboksi vilitoka gari jingine. Difu ikatoka gari la tatu, kubwa zaidi, kwa sababu mume wangu alisema difu kubwa haichoki. Vyote vilikubali kukaa pamoja isipokuwa pale chini, katikati.

Nieleze kidogo, maana nimeishi na mafundi na haya nayajua. Kutoka giaboksi mbele mpaka difu nyuma kuna chuma kirefu kinachozunguka, ndicho kinachopeleka nguvu kwenye matairi. Kinaitwa propela. Kila mwisho wa propela una krosi, kichuma cha mikono minne, na kila mkono umevaa kikombe chenye sindano ndogo ndogo ndani yake. Vikombe viwili vinaingia kwenye masikio ya propela, viwili kwenye masikio ya kile kinachoungana nayo. Sasa, mbele kwenye giaboksi krosi ilikaa bila ugomvi. Nyuma ndiko kulikokuwa na kesi. Masikio ya propela yalitaka krosi ndogo, masikio ya difu yalitaka kubwa.

Kipimo alisema ziko krosi zilizotengenezwa kwa vipimo viwili, mikono miwili myembamba na miwili minene, lazima itafutwe moja. Wakatafuta mpaka mume wangu akaanza kulilalamikia hilo gari usingizini. Mwisho wakaenda kwa fundi wa kukereza vyuma, akawakerezea pete mbili za kuvalishwa vikombe vidogo ili vijae kwenye masikio makubwa ya difu. Kipimo alizipima zile pete, akazirudisha, akazipima, akazirudisha, mpaka yule fundi akamwambia, "Kaka, chukua mashine hii uendeshe wewe, mimi nikale."

Zikabaki klipu. Kila kikombe lazima kifungwe na klipu, kijiwaya kigumu cha mduara kinachokaa kwenye mfereji wake ili kikombe kisichomoke. Kwenye zile pete zilikosekana klipu mbili. Kipimo akapanda basi kwenda mji wa jirani kuzitafuta, na kama bahati ipo aikute na ile krosi ya vipimo viwili. Nilikuwa nafua. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia kaka yake, "Lisukume humu humu uani. Barabarani usilitoe mpaka nirudi."

"Nenda salama, bwana mkubwa," mume wangu akamjibu. Ndivyo alivyokuwa akimdhihaki.

Kipimo alirudi klipu zikiwa kwenye mfuko wa shati, akakuta viti vimepangwa uani na majirani wamekaa.

Gari lilikuwa limeshuka mteremko wa kalvati, kile kidaraja cha maji ya mvua. Propela ikachomoka, ikachimba barabara, gari likaruka, likabingirika juu ya paa, likarudi kwenye matairi. Waliofika mwanzo walisema alikuwa bado ameshika usukani.

Watu hawakungoja hata tandiko la matanga likunjwe. Pete. Pete za Kipimo zimemuua kaka yake. Walisema kisimani, walisema dukani, walisema kwa sauti ya chini ambayo imekusudiwa isikike. Yeye hakukana. Aligawa spana zake kwa kila aliyetaka, akabaki na futi na kipimo chake chenye taya, cha kupimia unene wa vyuma, akaanza kutengeneza vyerehani. Nilipomuuliza kwa nini vyerehani, alinijibu, "Haviendi barabarani."

Mimi nililivuta lile gari, nikaliingiza bandani, nikafunga kufuli. Mafundi walikuja kuniomba walale chini yake waangalie. Niliwafukuza. Hapa najua wengine watanilaumu, walaumu. Nilikuwa na watoto, na mwingine tumboni, na mwanaume pekee aliyebaki wa kuwabeba ni yule yule ambaye watu walimnyooshea kidole. Kama ni pete, ningelazimika kumfukuza. Kama si pete, wangesema nimewahonga mafundi. Nikaona heri gari likae gizani na watoto wangu wale. Walikula. Wote wamesoma zaidi yangu, na wa mwisho alivaa sare ya shule iliyoshonwa kwa cherehani alichokifufua baba yake mdogo.

Kwa hiyo Kipimo alikaa nami uani miaka yote hiyo, katika chumba cha pembeni, na mbele ya mlango wa banda hakuwahi kupita. Akitaka kwenda bafuni alizunguka nyuma ya tangi la maji. Hata mvua inyeshe.

Na alikuwa akimwota kaka yake. Asubuhi namwona ameshika kikombe cha chai bila kunywa, najua.

"Amekuja tena?" namuuliza.

"Amekuja, shemeji."

"Safari hii amesema?"

"Hasemi. Yuko chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Anatoa mkono. Namwekea krosi. Anairudisha. Namwekea nyingine. Anairudisha. Zikiniishia anaendelea kunyoosha mkono."

"Siku nyingine mkanyage huo mkono, alale na wewe ulale."

Alikuwa akicheka kidogo kwa heshima, halafu chai inapoa.

Mimi marehemu simwogopi, niliolewa naye. Lakini sisemi kwamba banda lile lilikuwa kimya. Mchana jua likiwa kali bati hulia, hilo nalijua, ni bati. Ila bati halikohoi. Yapo majira nilikuwa nimejilaza nikasikia mtu anasafisha koo mle ndani, kama mtu aliyekaa sana na vumbi na anataka kuagiza kitu. Nilikuwa natoka na fagio, nagonga mlango. "Nimelala mimi," nasema. Panatulia.

Basi ikawa hivyo mpaka mwanangu wa mwisho, yule aliyekuwa tumboni, alipokuja likizo. Anaendesha malori ya mbali, wenzake wanamwita Masafa. Yeye anamjua baba yake kwa picha na kwa maneno ya watu. Akaniamkia, akala, akanawa, halafu akanyoosha mkono.

"Mama, nipe ufunguo wa banda."

"Unataka kufuga?"

"Nataka gari la baba. Siku hizi watu wanayafufua magari ya zamani, mama. Yakipita mjini watu wanasimama kutazama."

"Lile si gari. Lile ni kaburi la pili."

"Hata kaburi linafagiliwa."

Nikamwambia ale tena, maana mtu aliyeshiba hajibu hivyo. Hakula. Akaenda moja kwa moja kwa baba yake mdogo, aliyekuwa amekaa barazani na cherehani kati ya magoti. Mimi nilikuwa nachambua mboga, nikawasikia wote wawili.

"Baba mdogo, nataka unisaidie propela."

Gurudumu la cherehani likasimama. "Mimi ni fundi wa vyerehani, mwanangu."

"Ulikuwa fundi wa magari."

"Nilikuwa na nywele pia."

"Bodi nitampata mtu wa kuinyoosha. Injini nitaibeba mwenyewe. Lakini kuoanisha krosi zile, kila ninayemuuliza ananiambia, aliyeliweza hilo yuko kwenu, mnalala naye uzio mmoja."

"Na hawakukuambia aliliwezaje?"

"Wameniambia tangu niko darasa la kwanza." Masafa akachuchumaa mbele yake. "Ndiyo maana nakuomba wewe. Hakuna aliyewahi kuangalia chini ya lile gari. Hata mmoja. Wewe hutaki kujua?"

Kipimo akakifunika cherehani kwa kitambaa chake taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto, akaingia chumbani.

Jua lilipoanza kushuka akaja mlangoni pa jiko langu. Hakuingia. Alisimama ameshika fremu ya mlango kana kwamba anaipima upana.

"Shemeji, ikiwa ni pete zangu, nitakaaje humu?"

"Kama ulivyokaa."

"Nilikaa kwa sababu hakuna aliyejua kwa yakini. Ilikuwapo nafasi ya kupumua. Ndogo, unene wa karatasi, lakini nilikuwa napumulia hapo. Tukifungua, hiyo nafasi inaweza kuziba."

"Na ikiwa si pete zako?"

Akapitisha kidole gumba juu ya ubao wa fremu.

"Sijawahi kupima upande huo," akasema.

Nikamtazama vizuri. Mikono yake ilikuwa imekonda, macho yamezama kwa ndoto za yule mwenye kunyoosha mkono. Nikafikiri, watoto wamekwisha kula, wamekwisha kukua, huyu sasa ninamwekea nini giza? Nikafungua pindo la nguo yangu nikatoa ufunguo.

Asubuhi yake tukaenda bandani. Ufunguo niliokuwa nao kiunoni miaka yote ukakataa kuzunguka, kutu imekula kufuli mpaka ndani. Masafa akaangua kicheko, akachukua nyundo, pigo moja kufuli likaanguka kama biskuti. Nikasema wala sishangai, wanaume wa nyumba hii ndivyo wanavyofungua vitu.

Ndani palikuwa na baridi ambayo nje haikuwapo. Gari lilisimama vile vile, paa limebonyea upande wa dereva, kioo cha mbele hakuna. Kiti cha dereva kilikuwa bado na shimo la mtu. Vumbi lilikuwa kila mahali, juu ya boneti, juu ya dashibodi, juu ya kiti cha abiria. Ndani ya lile shimo halikuwapo. Nikaona, na Masafa akaona, na kila mmoja akajifanya anatafuta jeki.

Kipimo alibaki nje, juani, ametupa mgongo. Masafa akainua gari kwa jeki, akaweka magogo, akatandika gunia, akajisukuma chini na tochi.

"Unaona nini?" Kipimo akauliza bila kugeuka.

"Matope. Utando. Propela hii hapa. Nyuma imeshika, mbele imelala chini."

Kipimo akasogea hatua moja kuelekea mlangoni, kinyumenyume.

"Sema tena."

"Nyuma, kwenye difu, imeshika. Mbele, kwenye giaboksi, ndiyo imechomoka."

"Usinidanganye kwa kunionea huruma."

"Baba mdogo, nimelalia mafuta yaliyomwagika kabla sijazaliwa. Huruma nimeiacha huko nje na shati langu safi."

Kipimo akageuka. Alivuka kizingiti cha banda kama mtu anayeingia majini, mguu mmoja, kisha akangoja, kisha wa pili. Akapiga magoti, akalala, akajivuta chini ya gari alilomzuia kaka yake asilitoe barabarani.

Mimi nilibaki nimesimama. Nikaiona miguu inayotoka chini ya lile gari. Nikaihesabu. Nikaihesabu tena, maana waliolala chini walikuwa wawili tu. Halafu nikaacha kuhesabu, nikatazama ukuta, nikasoma dua ninayoijua.

"Mulika hapa," ilikuwa sauti ya Kipimo. "Hapo. Futa. Futa kwa kidole, si kwa kitambaa." Kisha mwanga wa tochi ukasogea. "Klipu hizi nani aliziweka?"

"Si wewe?"

"Mimi sikuwa nazo. Mimi niliondoka kwenda kuzitafuta. Hizi mbili zilizo kwenye pete, nani aliziweka?"

Akajivuta mbele, kule kwenye giaboksi, akakaa huko muda. Alipotoka alikuwa na mkono mweusi mpaka kwenye kiwiko, na usoni alikuwa mtu mwingine, si mwenye furaha wala si mwenye huzuni, mtu aliyeamshwa ghafla. Akaketi kwenye gunia akanieleza mimi, si Masafa.

Zile pete zake zilikuwa zimeshika. Hazikusogea hata unywele, na grisi aliyoweka kwa kidole chake ilikuwa bado ndani, imekauka kama nta. Kilichochomoka ni krosi ya mbele, ile nzima, ile isiyokuwa na ugomvi na mtu. Na haikuvunjika. Masikio yake mawili yalikuwa hayana klipu, na mifereji ya klipu ilikuwa safi, haina mchubuko. Klipu iking'oka kwa nguvu inachubua. Hizi zilitolewa kwa koleo, na mtu, kwa utulivu.

"Alizitoa za mbele akaziweka nyuma," Kipimo akasema. "Alitaka kutoka, klipu hana, mimi nimechelewa. Akaona kazi yangu ndiyo ya mashaka. Akaipora ile nzima ili aipe nguvu ile ya mashaka. Akasema mbele ni imara, itavumilia mwendo mfupi. Ikavumilia mpaka kalvati."

Miaka yote ile. Watoto wale, kisima kile, maneno yale. Nikaligeukia gari. "Yaani wewe mwanaume," nikaanza, "umeambiwa humu humu uani, umeambiwa mbele yangu nikiwa na nguo majini, ukaona wewe jicho lako—"

"Shemeji," Kipimo akanikatiza, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Taratibu. Yumo."

Hakuna aliyecheka. Masafa alikuwa amesimama upande wa pili, akarudi nyuma hatua akauacha wazi mlango wa dereva, nadhani bila mwenyewe kujua.

Nikashusha sauti. Nilisema niliyokuwa nayo, lakini nilisema kama mke anavyosema wageni wakiwapo.

Nilipomaliza, Kipimo alikuwa bado ameketi, anaizungusha ile krosi iliyochomoka mkononi. Nilidhani angenyanyuka mwepesi. Mzigo si umeshuka? Haikuwa hivyo.

"Hakuniamini, shemeji," akasema. "Nilizipima zile mpaka fundi akanichoka. Zilikuwa sawa. Zingefika salama hata bila hizo klipu, kwa safari ile. Angeniamini tu, asingegusa mbele. Amekufa kwa sababu hakuniamini."

Nikaona vizuri sana mahali tulipofika. Huyu mtu alikuwa anatoka chumba kimoja anaingia kingine, na hiki cha pili hakina hata ule unene wa karatasi. Na wa kumjibu hakuwapo mwingine. Mimi si mtu wa kubembeleza, sikubembeleza hata watoto wangu. Nikatafuta lililo kweli, nimpe hilo.

"Kweli, hakukuamini," nikamwambia. "Hata mimi hakuniamini. Nikifunga mlango alirudi kuutikisa. Nikitia chumvi alitia tena kabla hajaonja. Hata vidonge vya mama yake mzazi alivihesabu upya. Huyo ndiye kaka yako. Lakini mlango akishautikisa alilala humo humo, na chakula alikila chote. Na pete zako, akishazitilia klipu, alipanda juu yake akateremka. Zaidi ya hapo hakumwamini mtu duniani. Wewe ulitaka akupe kipimo ambacho hakuwa nacho?"

Kipimo akanitazama. Kisha akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, nikasema sasa analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Vidonge," akasema. "Kweli. Alihesabu vidonge." Masafa akamshika mkono kumnyanyua, na yule mzee akasimama akajipangusa magoti na kusema, "Leta kopo la kuwekea vipuri, mwanangu. Hii propela itoke."

Tangu hapo kazi ikawa yake. Alizigonga zile pete zikatoka, akavisafisha vikombe, akavifunga kwenye kitambaa na kwenda navyo duka la spea. Nilikwenda naye, maana macho yake hayakuwa ya kuvukia barabara. Mwenye duka ni mwanamke mkubwa mwenye sauti, mafundi wanamwita Mama Beringi. Alimpa beseni la krosi zisizokuwa na wenyewe. Kipimo akaketi kwenye kreti akaanza. Anachukua, anapima kikombe kwa kile kipimo cha taya, anapima kutoka mkono hadi mkono, anaangalia klipu inakaa nje au ndani, anairudisha.

"Babu," Mama Beringi akamwita, "unanunua krosi au unachumbia?"

"Nachumbia. Wewe ndiye mshenga, kwa hiyo usinivurugie."

"Huyo bi harusi atazeeka."

"Ameshazeeka. Ananingojea tu."

Kwenye beseni haikuwapo. Mama Beringi akampigia mtu simu, huyo akampigia mwingine, na siku moja ikaja ndani ya gazeti kuukuu, iliyotoka kwenye gari dogo la mizigo la zamani: mikono miwili myembamba, miwili minene. Kipimo akaipima. Akaipima tena. Akanipa mimi niishike. Ilikuwa nzito na baridi, na ina mafuta.

"Hicho ndicho nilichokifuata siku ile," akasema, akanipokonya haraka, akageuza uso upande wa rafu za mikanda.

Aliifunga mwenyewe. Hakuruhusu nyundo. Vikombe alivisukuma kwa jiliwa, lile bano la chuma la mezani, robo mzunguko kwa robo mzunguko, na sindano zote alizisimamisha kwa grisi, kwa sababu hata moja ikilala chini ya kikombe, kikombe hakifiki mwisho na klipu haiingii, na fundi mwenye haraka anamaliza kwa kupiga. Klipu alizijaribu kila moja kwa bisibisi kama zinazunguka kwenye mfereji. Mbele, nyuma. Kisha akayalinganisha masikio ya ncha mbili yatazame upande mmoja, propela isije ikatetemeka. Masafa akasema, "Baba mdogo, imekaa." Yeye akapima tena.

Bodi iliponyooshwa, vioo vikawekwa, rangi ikapigwa, Masafa akatuita tupande. Mimi nikaingia nyuma. Kipimo naye akaingia nyuma.

"Njoo mbele, baba mdogo."

"Hapa panatosha."

"Mbele pako wazi."

"Endesha, mwanangu," Kipimo akamwambia. Masafa akakitazama kile kiti cha pembeni yake, hakuuliza tena.

Gari lilikwenda kama maji. Hakuna mtikisiko, hakuna mlio. Watu walisimama kweli kutazama, na baadhi yao walikuwa wale wa kisimani, sasa wana mikongojo. Nilikaza shingo. Sikumpungia mtu. Kipimo alikuwa ameweka kiganja sakafuni, kati ya miguu yake, anaisikiliza propela inazunguka chini ya mkono wake. Tukafika mteremko wa kalvati. Masafa akagusa breki.

"Usipunguze," Kipimo akasema.

Masafa akaachia. Tukateremka, kalvati ikapita chini yetu, tukaanza kupanda upande wa pili, na mimi nikageuka nikatazama nyuma kwa kioo. Nikaona na Kipimo naye amegeuka. Tulitazama mpaka kona ikatuficha.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Sijaona kitu. Na wewe?"

"Mimi pia."

Tukawa waongo wawili kwenye kiti cha nyuma, watu wazima na mvi zetu. Kwenye ukingo wa kalvati alikuwapo mtu, amesimama, anafuta mikono kwa kitambaa kidole kimoja kimoja, kama fundi aliyemaliza. Inawezekana alikuwa mpita njia. Barabara ni ya watu wote. Kipimo alinyanyua kiganja chake sakafuni, akakiweka kwenye goti, akafumba macho, na kabla hatujafika sokoni alikuwa ameshalala.